Kufuatilia kobe na mijusi wa miambani bila kuwavurugia makazi

Swali la msomaji: Sisi ni kikundi cha watu wanaojitolea. Kwa miaka miwili tumekuwa tukihesabu kobe na mijusi kwenye vilima vya mawe ambako tunaambiwa wako hatarini kutoweka. Tunageuza mawe, tunawakamata, tunawapaka doa la rangi mgongoni, kisha tunawaachia. Msimu huu tumepata wachache kuliko mwaka wa kwanza. Mwenzetu mmoja anasema sisi wenyewe ndio tunaowafukuza. Mwingine anasema bila kumshika mnyama hakuna takwimu ya kuaminika. Nani yuko sahihi, na tufanyeje?

Jibu: Wote wawili wana hoja, ila huyo anayesema mnawafukuza yuko karibu zaidi na ukweli. Naomba muache kugeuza mawe kuanzia safari yenu ijayo. Suala la kukamata tutalijadili, maana lina nafasi yake mahali fulani. La kugeuza mawe, kwa wanyama mliowataja, halina.

Sababu iko pale jiwe linapokutana na mwamba. Reptilia hawatengenezi joto la kutosha ndani ya miili yao. Hulipata kutoka kwenye jua, udongo na mawe. Jiwe bapa lililolala juu ya mwamba hupokea jua la asubuhi polepole na kuliachia polepole usiku, na mjusi aliye chini yake hutafuta sehemu yenye joto analolihitaji kwa kusogea sentimita chache tu, bila kutoka nje. Mwanya wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba yeye anaingia na adui yake haingii. Kwenye kingo zake kuna udongo, majani makavu na vumbi vilivyojikusanya kwa miaka, vikiziba upepo na kuhifadhi unyevu kidogo. Ukilinyanyua jiwe hilo na kulirudisha, macho yako yatakuambia limerudi palepale. Lakini ile ziba ya udongo imebomoka, jiwe limekalia kona nyingine, na upande mmoja umebaki wazi kiasi cha kupitisha pua ya nyoka. Mayai yaliyokuwa yamebandikwa upande wa chini, kama wafanyavyo mijusi-kafiri wengi, huenda yamepasuka bila ninyi kujua.

Jambo hili limepimwa. Watafiti waliofanya kazi kwenye vilima vya mawe ya mchanga karibu na Sydney, Australia, walilinganisha mawe ambayo hayajaguswa na yale yaliyosogezwa kidogo na watu. Kwa mpita njia eneo zima lilionekana salama, hakuna mti uliokatwa wala taka. Hata hivyo reptilia walikuwa wachache sana chini ya mawe yaliyosogezwa. Mawe hayo yalipopangwa upya kwa uangalifu mpaka yakakaa vizuri juu ya mwamba, wanyama walianza kuyatumia tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi chenu msimu huu inaweza kuwa hiyo hiyo: kurudi kwenye mawe mliyowahi kuyageuza na kuyakalisha sawasawa, mara moja tu, katika msimu ambao wanyama hawatagi, kisha kuyaacha.

Kobe bapa wa Afrika Mashariki, Malacochersus tornieri, ni mfano mwingine ambao kila anayefuatilia reptilia wa miambani anapaswa kuujua. Gamba lake ni jembamba na linanesa, akihisi hatari hakimbilii kujifungia ndani ya gamba, hukimbilia ndani ya ufa wa mwamba na kujibana humo. Kwa kawaida jike hutaga yai moja moja. Wakamataji waliokuwa wakimtafutia soko la wanyama wa kufugwa walizoea kuupanua ufa kwa vyuma ili wamfikie, na ufa uliobanduliwa haujirudishi. Hata wakibaki kobe wengine kilimani, hawana pa kujificha. Mwaka 2019 aliwekwa katika kundi la walio hatarini sana kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, na mwaka huohuo biashara yake ya kimataifa ikabanwa kwa kuingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ninyi si wafanyabiashara, najua. Lakini kwa ufa, mkono wa mtafiti na wa mkamataji huacha alama ileile.

Sasa turudi kwenye takwimu. Kabla ya kuchagua mbinu, kikundi lazima kijue takwimu hizo zitaamua nini. Mara nyingi maswali ni matatu, na yana uzito tofauti. Swali la kwanza: je, spishi hii bado ipo hapa? La pili: je, inaongezeka au inapungua? La tatu: kila mnyama anaishi muda gani, anazaa kiasi gani, anahamia wapi? Maswali mawili ya kwanza yanajibiwa bila kumgusa mnyama hata mmoja. Ni la tatu tu ambalo linaweza kuhitaji kumjua kila mmoja, na hata hapo picha hutosha mara nyingi. Kwa jinsi mlivyoniandikia, kikundi chenu kinauliza swali la pili. Hamhitaji kumshika mnyama.

Mwenzenu anayedai takwimu za kuaminika ana wasiwasi wa haki, ila ameuelekeza pasipo. Tatizo la kuhesabu reptilia ni kwamba wengi wao hawaonekani siku mnayokwenda. Jua likiwa dogo hawatoki, likiwa kali wamejificha. Tuseme mahali penye mjusi, uwezekano wa kumwona katika ziara moja ni asilimia 30. Ukienda mara moja, kuna asilimia 70 kwamba utaondoka ukiandika "hayupo" ilhali yupo. Ukienda mara 3, uwezekano wa kumkosa mara zote ni takriban asilimia 34. Ukienda mara 5 unashuka hadi 17. Inabidi ufike mara 9 ndipo uwezekano wa kukosea uwe chini ya asilimia 5. Hesabu hii ndiyo inayoamua uaminifu wa takwimu zenu. Ziara nyingi nyepesi zenye utaratibu uleule zina nguvu kuliko ziara moja ya kupekua kilima kizima, na hazimwachii mnyama kovu.

Ndiyo maana fomu ya kujaza uwandani ni muhimu kuliko koleo la kukamatia nyoka. Iwe na saa ya kuanza na kumaliza, joto la hewa mwanzoni na mwishoni, hali ya mawingu na upepo, idadi ya watazamaji na majina yao ya mkato, njia iliyofuatwa. Kisha kwa kila mnyama: saa, mahali, alikuwa akifanya nini mlipomwona kwa mara ya kwanza, na kama alikimbia. Ziara isiyo na mnyama hata mmoja nayo ijazwe kikamilifu. Nimeona vikundi vingi vikiitupa fomu tupu kwa kudhani safari imekosa matunda, na hapo ndipo takwimu zinapoharibika, kwa sababu bila sifuri hakuna mtu atakayeweza kujua kiwango cha kuonekana. Kuna vielelezo vya kitakwimu, vilivyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vinavyotenganisha "hayupo" na "hatukumwona" kwa kutumia ziara zilizorudiwa, na programu zake zinapatikana bure. Mtaalamu wa takwimu atawafanyia kazi hiyo kwa furaha ikiwa tu mmemletea sifuri zenu.

Kuhusu namna ya kutazama, nendeni polepole kuliko mnavyodhani inafaa. Simameni umbali wa mita 10 au zaidi na kuupekua mwamba kwa darubini kwanza: kingo za nyufa, vilele vya mawe yaliyopata jua la mapema, kivuli kilicho chini ya ubapa wa jiwe. Mjusi anayeota jua hujilaza bapa, na mara nyingi utakachoona kwanza ni mstari wa mkia usiofuata mistari ya mwamba. Msiwe na jua mgongoni kiasi kwamba kivuli chenu kinamwangukia. Kivuli kinachopita juu yake kwake kina maana ya ndege mwindaji. Mkiusogelea ufa, kaeni ubavuni, si mbele ya mdomo wake, na muangaze kwa tochi hafifu iliyoelekezwa ukutani, ili mwanga unaorudi ndio uingie ndani. Kioo kidogo chenye mpini huonyesha pembe ambayo jicho halifiki. Kamera ya mrija mwembamba, ile wanayotumia mafundi kukagua ndani ya mabomba, hufika mbali zaidi, lakini isimguse mnyama na isimzibie njia ya kutokea. Akianza kurudi nyuma, itoeni.

Kamera za namna hiyo zimefanya makubwa. Huko Australia Kusini kuna mjusi mdogo, Tiliqua adelaidensis, ambaye alikuwa hajaonekana tangu 1959 na wengi waliamini ametoweka, mpaka mwaka 1992 alipopatikana ndani ya tumbo la nyoka aliyekufa karibu na mji wa Burra. Ilikuja kujulikana kwamba anaishi katika mashimo ya buibui kwenye mbuga za majani, akitokeza kichwa tu mlangoni. Kumfukua kungekuwa ni kuvunja shimo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulichimba. Watafiti wakawa wanapitisha mrija wenye kamera shimo baada ya shimo, wanaandika yupo au hayupo, wanaendelea. Idadi yake imefuatiliwa hivyo, na shimo linabaki shimo.

Wakati mwingine hamhitaji hata kumwona. Kinyesi cha mjusi kina ncha nyeupe ya asidi ya mkojo, na rundo lake kwenye mdomo wa ufa huonyesha kuwa ufa unatumika. Ngozi iliyovuliwa na nyoka au mjusi inaweza kutambulishwa kwa magamba yake, na hata kutoa chembe za urithi maabara. Kwa kasa wa baharini, wahesabuji makini huacha kabisa kuwakaribia majike usiku na badala yake husoma nyayo alfajiri: kasa wa kijani huburuta makasia ya mbele yote mawili kwa pamoja, hivyo alama zake hulingana kushoto na kulia, wakati ng'amba hupishanisha. Alama iliyosomwa hufutwa kwa mstari ili kesho isihesabiwe tena. (Tena kasa mmoja hutaga viota kadhaa kwa msimu, kwa hiyo idadi ya viota si idadi ya majike. Kosa hilo hupandisha matumaini yasiyokuwepo.) Vinyonga nao huhesabiwa vizuri zaidi usiku: wanalala kwenye ncha za matawi, rangi yao hupauka na kung'aa mbele ya tochi. Mtu mmoja anatembea njia iliyopo, anaandika, anaondoa mwanga, anapita. Tawi lisiguswe hata kidogo, kwa sababu kinyonga hulala nchani ili mtikisiko umwamshe kabla adui hajamfikia.

Nije kwenye madoa yenu ya rangi. Yaacheni. Kwa mjusi wa rangi ya mwamba, doa jekundu mgongoni ni tangazo kwa ndege. Dawa ya kuyeyushia rangi hupenya ngozini, na kwa kobe anayekua rangi huziba sehemu ya gamba ambako ukuaji unaendelea. Kuna tatizo jingine linalowahusu moja kwa moja: mjusi hujivua ngozi, na rangi huondoka nayo. Mjusi mliyempaka mwezi wa kwanza anaweza kuja mwezi wa tatu akiwa msafi, nanyi mkamwandika mpya. Hesabu yenu ya mwaka wa kwanza huenda ilikuwa kubwa kupita ukweli, na sehemu ya upungufu mnaouona sasa ikawa ni makosa ya kuhesabu. Kukata ncha za vidole, mbinu ya zamani ambayo bado imo katika vitabu, nisingeiruhusu kamwe kwa spishi iliyo hatarini, zaidi sana kwa mijusi-kafiri ambao maisha yao yote yanategemea kushika ukuta.

Picha inafanya kazi hiyo bila gharama hizo. Magamba ya upande wa kichwa cha kasa hupangika tofauti kwa kila mmoja na hudumu kwa miaka. Madoa ya kichwani ya piri wa Ulaya, nyoka aitwaye Vipera berus, hutumika vivyo hivyo. Kobe bapa ana miale ya rangi gambani ambayo haifanani kati ya mmoja na mwingine. Mjusi mwenye mistari au madoa ubavuni anafaa. Mwenye rangi moja hafai, na hapo kubalini tu kwamba hamtamjua mmoja mmoja. Chagueni upande mmoja, tuseme wa kulia, na mpige upande huo kila mara, kwa sababu kulia na kushoto havifanani na mtajikuta na mijusi wawili kwenye kumbukumbu kumbe ni mmoja. Pigeni kwa lenzi ya mbali, kamera ikiwa usawa wa mnyama na si kutoka juu. Baada ya hapo programu kama I3S hulinganisha madoa na kuwapa orodha ya wanaofanana, lakini uamuzi wa mwisho uwe wa macho mawili: watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla hawajalinganisha majibu.

Kamera za kutegea nitazitaja kwa ufupi kwa sababu watu huzinunua kisha hukata tamaa. Nyingi hufyatuka zinapohisi tofauti ya joto kati ya mnyama na mazingira. Mjusi ana joto karibu sawa na jiwe alilokalia, kwa hiyo anapita mbele yake bila kupigwa picha. Kwa kenge mkubwa kama joka wa Komodo zimefaa. Kwa mijusi midogo iwekeni kamera ipige kila baada ya dakika moja au mbili yenyewe, ielekee mdomo wa ufa, na mjiandae kupitia maelfu ya picha za mwamba mtupu. Droni zinafaa kwenye fukwe na mito: mwezi Desemba 2019 zilisaidia kukadiria kasa wa kijani wapatao 64,000 kuzunguka kisiwa cha Raine, Australia. Kwenye kilima chenu hazitaona chochote cha maana, na zitawatisha ndege wanaoatamia. Chembe za urithi zinazopatikana kwenye maji nazo zimeleta mapinduzi kwa samaki na vyura, ila reptilia wana ngozi kavu ya magamba na huachia chembe chache.

Makazi ya bandia yanastahili kujaribiwa ikiwa mnataka kitu cha kufunua. Kipande cha bati la lami au kigae kinachowekwa juu ya ardhi, pembezoni mwa miamba, huvutia mijusi na nyoka kwa joto lake, nanyi mnakifunua hicho badala ya jiwe la asili. Kiwekeni miezi kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu. Kagueni asubuhi, kwani mchana wa jua kali chini yake panaunguza. Inueni ukingo ulio mbali nanyi, mkiuvuta kuelekea kwenu, ili kipande chenyewe kikae kati ya miguu yenu na kilichomo chini. Wakati wa kurudisha, acheni mnyama atoke au aingie mwenyewe ukingoni; wengi hupondwa wakati huo. Msikague kila siku, na kipande kisichopata mtu wa kukikagua kiondolewe, kisibaki takataka. Mitego ya ndoo zilizofukiwa ardhini sitaipendekeza: wanyama hufa kwa joto, kwa maji ya mvua na kwa siafu, na hakuna swali lenu linaloihitaji.

Kuna wakati kushika hakuepukiki: kuchukua sampuli ya ugonjwa, kupima uzito, kuweka chipu ya utambulisho. Hapo anahitajika mtu aliyefundishwa, mwenye kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi husika, na sababu iliyoandikwa. Fikirini kuhusu kobe tu. Kobe wa nchi kavu huhifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya kiangazi. Akiinuliwa kwa ghafla hukojoa kwa woga, na watu hucheka. Utafiti kwa kobe wa jangwa wa Marekani ulionyesha kwamba waliokojoa wakati wa kushikwa walikuwa na nafasi ndogo ya kuendelea kuishi kuliko ambao hawakukojoa. Mjusi anayekata mkia ili ajinasue hupoteza akiba ya mafuta na, kwa spishi nyingi, nafasi yake mbele ya wapinzani. Mikono yenye dawa ya mbu au mafuta ya kujikinga na jua huacha kemikali kwenye ngozi ya mnyama. Na mnyama huambukizwa kupitia kwetu: ugonjwa wa kuvu wa nyoka na maambukizi ya njia ya hewa ya kobe yanajulikana, kwa hiyo hata ninyi msioshika mnyama suguweni viatu na vifaa kati ya kilima na kilima. Ondoeni matope kwanza kwa brashi na maji, ndipo mtumie dawa ya klorini. Matope huimaliza nguvu dawa hiyo.

Tembeeni njia moja. Watu 2, au 3 kwa wingi, wanatosha. Kundi la watu 12 huhesabu wanyama wanaokimbia. Mwekeane tangu mwanzo kanuni ya kusimama: joto likivuka kiwango mlichokubaliana, jike akionekana anataga, au mnyama yuleyule akikimbia mara 2 katika ziara moja, mnaondoka hata kama fomu haijajaa.

Lipo dhara moja ambalo halihitaji mtu kukanyaga kilimani, nalo ni kutangaza mahali. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza mjusi-kafiri mmoja wa China, Goniurosaurus luii, na kutaja alikopatikana. Wakamataji waliisoma taarifa hiyo, na mjusi huyo akamalizwa mahali hapo. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, Tanzania, Lygodactylus williamsi, alikamatwa kwa maelfu kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo, na mikadi anamoishi ikakatwa ili kumfikia, mpaka CITES ilipopiga marufuku biashara yake ya kimataifa katika mkutano wa mwaka 2016. Kwa hiyo zimeni GPS ya simu kabla ya kupiga picha, kwa sababu picha hubeba mahali ndani yake. Msipige mandhari inayotambulika nyuma ya mnyama. Kumbukumbu zenye mahali halisi zikae kwa watu wachache mnaowaamini na kwa taasisi inayohusika. Mkipeleka taarifa iNaturalist, mtandao ambako watu huandikisha viumbe walivyoviona, mtandao huo huficha mahali halisi kwa spishi nyingi zilizo hatarini, ila ninyi wenyewe chagueni kuficha, msiusubiri.

Limebaki swali lenyewe: je, ni ninyi mnaowafukuza? Hakuna anayeweza kulijibu kwa barua, lakini kilima kinaweza. Gawanyeni makundi ya mawe mnayoyajua, tuseme 20, kwa kura: 10 mtayatembelea kwa mbinu hizi mara kwa mara msimu mzima, 10 hamtayakaribia kabisa. Kura iwe ya kweli, msichague ninyi, maana mtajikuta mmejiwekea yale yenye mijusi wengi. Mwishoni mwa msimu tembeleeni yote 20 mara 3, kwa saa zinazofanana, hali ya hewa inayofanana na watazamaji walewale, na mlinganishe ziara hizo 3 tu. Yale yaliyoachwa yakiwa na wanyama wengi waziwazi, mwenzenu alikuwa sahihi na hata utazamaji wenu wa upole bado ni mzito. Punguzeni ziara kwa nusu na mrudie jaribio. Yakilingana, tafuteni chanzo kingine cha upungufu: moto, mifugo, ukame, wachimba mawe, wakamataji.

Fanyeni hivyo kwa misimu 2 au 3 kabla ya kutoa tamko. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2022 ilipitia spishi 10,196 za reptilia na kukuta zaidi ya moja kati ya kila 5 iko hatarini kutoweka, na kwa nyingi kati ya hizo hakuna mtu anayerudi mahali palepale mwaka hadi mwaka kama mnavyorudi ninyi. Nitumieni fomu yenu tupu kabla ya safari ya kwanza, niipitie. Msiweke jina la kilima.